Mume ndiye aliyenitoa kazini: hela ya kukosa ajira Marekani na makaratasi yake

Wabongo na Wakongo wengi ninaoishi nao huku Maine wanajua jambo moja tu kuhusu hela ya kukosa ajira, kwamba ukifukuzwa unapata na ukiacha mwenyewe hupati, na wakishasema hivyo mjadala umefungwa. Kwa sehemu kubwa ni kweli, sheria imekaa hivyo karibu majimbo yote, mtu akiondoka kazini kwa hiari yake bila sababu nzito hapewi kitu. Ila kuna mlango wa pembeni ambao hausemwi sana, wa mtu aliyeacha kazi kwasababu ya kipigo na vitisho vya nyumbani, na mie nimepita kwenye huo mlango kwahiyo naandika ninachokijua, anayekihitaji achukue.

Nilikuwa Lewiston, nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee kama CNA, yaani msaidizi wa manesi, shifti inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Sasa mnisikilize, mume wangu hajawahi hata siku moja kuniambia acha kazi. Hela yangu alikuwa anaitaka, inaingia kwenye akaunti yetu wote wawili na yeye ndo mwenye kadi. Alichokuwa anafanya ni kuniharibia kazi taratibu huku mkono wake hauonekani. Anaanzisha ugomvi saa saba usiku hadi saa kumi ili niende kazini sijalala, anaficha funguo ya gari asubuhi theluji imejaa na basi hakuna muda huo, anapiga simu kwenye deski la manesi anauliza nipo na nani, siku nyingine yupo kwenye maegesho kakaa ndani ya gari anaangalia mlango tu. Kazi zetu zile zina mfumo wa pointi, ukichelewa pointi, usipofika pointi, zikifika kiasi fulani unaondoka. Kwahiyo kwenye faili la kazini mkorofi ni nani? Mie. Mchelewaji mie, anayepigiwa simu za fujo mie, anayelia chooni mie, na yeye kwenye karatasi hayupo kabisa.

Nyumbani Tanga nilishapiga simu nikaambiwa yale tunayoambiwaga wote, vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo, kaa naye umwombee dua. Shangazi yangu mmoja tu ndo alisema kitu tofauti, alisema hata kwetu sheria haimruhusu mume kumpiga mke, na ni kweli, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, ipo kwenye maandishi zaidi ya miaka hamsini sasa na bado tunaambizana tuvumilie. Haya, tuendelee.

Maine ndo jimbo la kwanza Marekani kuandika kwenye sheria kwamba aliyeacha kazi kukimbia ukatili wa nyumbani asihesabiwe kuwa kaacha kwa hiari. Ilikuwa 1996. Majimbo mengine yakafuata mojamoja, halafu 2009 wakati uchumi umeanguka, ile sheria kubwa aliyosaini Obama mwezi wa pili iliweka dola bilioni 7 kwa majimbo yatakayorekebisha sheria zao za kukosa ajira, na moja ya marekebisho yaliyohesabiwa ni hilo la kuruhusu walioacha kazi kwa sababu nzito za kifamilia, ukatili wa nyumbani ukiwemo. Mengi yakajiunga hapo. Sio yote, na masharti yanatofautiana sana, kuna majimbo yanataka amri ya mahakama au ripoti ya polisi au ya daktari, mengine yanakubali barua ya mshauri au ya kiongozi wa dini, kwahiyo ndugu yangu ukiwa Ohio au Texas usichukue ya Maine ukadhani ndo ya kwako. Na jambo lingine, unaomba kwenye jimbo ulilofanyia kazi, sio ulilokimbilia. Ukifanya kazi Maine ukakimbilia kwa dada yako Minnesota, maombi yako bado ni ya Maine.

Kuna kipande kimoja kwenye hiyo sheria ya Maine ambacho ningependa kila mwanamke akijue kabla hajafika siku ya kukimbia. Inasema kuondoka kwako kuwe kulikuwa kwa lazima kujilinda wewe au familia yako, NA uwe umefanya juhudi zote za busara kuilinda ajira yako. Hiyo nusu ya pili ndo inawaangusha watu. Maana mwanamke anayepigwa anafanya nini kikawaida? Anaficha. Jicho likivimba anasema kagonga kabati, akichelewa anasema gari halikuwaka. Siku anapotoweka, mwajiri anasema kwa moyo mweupe kabisa mie huyu hajawahi kuniambia tatizo lolote, kapotea tu. Na hadanganyi! Sasa hizo juhudi za kulinda kazi utazionesha wapi wakati miezi yote umekuwa unajenga uongo wa kumlinda mume.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mshauri kwenye shirika la kusaidia wanawake, pale Lewiston yapo, kuna Safe Voices na kuna Immigrant Resource Center ambao wanasaidia zaidi sisi wahamiaji. Nilienda kwa ajili ya mambo ya hifadhi, yaani nyumba ya kukimbilia, kazi hata sikuigusia, yeye ndo akauliza. Kazini wanajua? Nikasema hapana, aibu. Akaniambia aibu weka pembeni, kesho mwambie supavaiza wako, na ukishamaliza kumwambia kwa mdomo mtumie meseji ya kushukuru kwa mazungumzo, ili kuwe na kitu kilichoandikwa na tarehe. Ile meseji ya kushukuru jamani! Sikuelewa hata kwanini ananiambia hivyo lakini nikafanya. Nikaandika, asante kwa kunisikiliza leo kuhusu mume wangu kunifuata kazini na kunizuia kutoka nyumbani, naomba kama inawezekana nibadilishiwe shifti au nihamishiwe jengo lingine. Akajibu, pole sana, nitaangalia. Maneno matatu tu hayo, na yalikuja kuwa na thamani kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho kwenye mkoba.

Wengine hawajui pia kwamba Maine mwajiri anatakiwa kumpa ruhusa mtu aliyefanyiwa ukatili aende mahakamani, hospitali au kupata huduma za msaada, hailipwi ile lakini ni ruhusa halali na hupaswi kuadhibiwa kwayo. Mie zile siku za mahakamani nilikuwa naogopa kuomba, mshauri akaniandikia barua nikapeleka, nikapewa. Barua hiyo nayo nikapiga picha nikaihifadhi. Na sasa hivi mambo yamesogea zaidi, Maine walipitisha sheria ya likizo ya kulipwa 2023, mafao yake yalipangwa kuanza Mei 1, 2026, na mtu anayejinusuru na ukatili ni mmoja wa wanaotajwa humo. Wakati wangu haikuwepo.

Siku ya kuondoka nyumbani siisimulii, inafanana na za wengine. Niliondoka na watoto, tukakaa hifadhi mji mwingine ambao sitautaja, nikapata amri ya ulinzi ya mahakama, ile wanayoita PFA, kufungua hulipi kitu na hakimu anaweza kukupa ya muda siku hiyohiyo mume hata hayupo, halafu baadaye mnaitwa wote kusikilizwa. Nikaendelea na kazi, naendesha gari kutoka mbali. Nilidhani ndo yameisha. Wapi. Siku chache baada ya polisi kumfikishia amri, natoka kazini namkuta kwenye maegesho, kaegesha upande wa pili wa barabara, hasemi kitu, ananiangalia tu. Nikapiga simu polisi, wakaja kashaondoka, wakaandika ripoti. Nikamuuliza tena supavaiza kuhusu kuhamishwa, akasema jengo lingine hakuna nafasi na shifti ya mchana imejaa. Usiku ule sikulala. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri nikamtumia meseji kwamba sirudi kwasababu mume wangu anajua mlango ninaotokea na saa ninayotoka, siwezi kuhatarisha maisha yangu na ya wazee ninaowahudumia. Nikamwandikia nashukuru kwa yote.

Kuomba kwenyewe ni mtandaoni, na pale mwanzo tu kuna swali la kwanini huna kazi, unachagua: umepunguzwa, umefukuzwa, au umeacha. Mie nikachagua nimeacha, ndo ukweli, na kwenye sehemu ya maelezo nikaandika kila kitu na tarehe. Wapo watakaokushauri uandike umepunguzwa ili ipite haraka. Usifanye hivyo. Mwajiri anaulizwa upande wake, majibu yakigongana ukaonekana umedanganya unarudisha hela zote na faini juu, na hapo huruma ya ukatili imeshakufa maana umekuwa tapeli.

Kabla hata ya kujaza hiyo fomu kuna kazi moja ya lazima. Fungua imeili mpya, yenye neno la siri jipya, kwenye simu ambayo yeye hajawahi kuishika, na akaunti ya benki iliyo na jina lako peke yako. Mume wangu alikuwa anajua namba yangu ya Social Security kwa kichwa, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yangu, yaani mtu wa hivyo akipiga simu kujifanya msaidizi wako au akafungua akaunti yako anaona anwani yako mpya na hela anaweza kuielekeza kwake. Nilivyoambiwa hivyo nilikaa chini kabisa. Hela ya kumkimbia inaingia kwake, si kichekesho hicho?

Kiasi chenyewe, Maine wanachukua robo mbili za mwaka ulizolipwa zaidi kwenye kipindi chao cha hesabu, wanatafuta wastani wake, wanagawa kwa 22, hiyo ndo yako ya wiki, na kuna kiwango cha juu ambacho hakivukwi. Ukipiga hesabu inakuja kama asilimia hamsini na tisa hivi ya ulichokuwa unapata kwa wiki, na mwisho ni wiki 26. Hicho kipindi cha hesabu ni robo nne za kwanza kati ya tano zilizokwisha kamilika, kwahiyo zile wiki za mwisho ambazo ulikuwa unakosa kazi kwasababu ya kupigwa mara nyingi haziingii na hilo ni jambo zuri. Haitajirishi. Ilitosha chakula, simu, mafuta ya gari na kuanza kuweka kidogo ya amana ya nyumba.

Sasa mkalimani. Una haki ya mkalimani wa Kiswahili bure, ofisi zinazopokea hela ya serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za raia ya 1964 zisimnyime mtu huduma kwasababu ya lugha. Lakini kuwa mwangalifu ni mkalimani gani. Lewiston na Portland watu wa Kiswahili tunajuana, wanaume wanakutana msikitini, kanisani, kwenye mpira, na mkalimani anayeletwa anaweza kuwa ndo yule aliyekaa na mume wako jana wanakula nyama choma. Sisemi wote hawana siri, wengi wana siri na wamekula kiapo cha kazi yao, nasema moyo wako utakaa vipi ukisikia sauti unayoijua? Utafupisha. Utaruka mambo. Mie niliomba mkalimani wa simu wa nje ya jimbo, wakanipa mama mmoja ana Kiswahili cha upande wa Bukavu, tukaelewana vizuri tu, pale ambapo neno halikukaa sawa aliniuliza tena kabla ya kutafsiri.

Mara ya kwanza nilikubaliwa. Nikafurahi, nikapika pilau hapo hifadhini. Halafu ikaja barua kwamba mwajiri amekata rufaa, wao wameandika kwamba sikutokea kazini na sikupiga simu. Jamani. Mtu uliyempa meseji saa kumi na kitu alfajiri! Baadaye nilikuja kuelewa kwamba supavaiza hakuwa na ubaya, anayejibu hizo barua ni mtu wa ofisi ya mbali ambaye anaangalia kompyuta tu, na kompyuta ilikuwa imeandikwa hakutokea. Meseji zetu zilikuwa kwenye simu ya supavaiza, kwenye faili hazikuingia.

Kesi ya rufaa inasikilizwa kwa simu. Kuna afisa wa kusikiliza, anawaapisha wote, inarekodiwa, mwajiri yupo kwenye laini, mkalimani yupo, na wewe upo jikoni kwa watu umejifungia. Ushahidi unatuma kabla, sio siku ile unaanza kusema nina picha kwenye simu nikutumie WhatsApp, hapana, unatuma mapema kwa njia waliyoandika kwenye barua na nakala inaenda kwa upande wa pili. Hapo ndo nilipata mwanasheria wa bure, Maine kuna Pine Tree Legal Assistance kwa watu wa kipato cha chini, na kitu cha kwanza tulichojadili ni anwani, kwamba kwenye kila karatasi tunayotuma pasiwe na mahali ninapoishi. Tukatuma skrinshoti za meseji zote mbili zenye tarehe na saa, ile ya kuomba kuhamishwa na ile ya kuondoka, amri ya mahakama, ripoti ya polisi ya maegesho, barua ya mshauri.

Afisa aliuliza maswali kwa upole lakini ni maswali haswa. Swali lililonitoa jasho ni hili: ulikuwa na amri ya mahakama inayomkataza kukufuata, kwanini usingeendelea na kazi ukaiachia polisi? Ni swali zuri, hata wewe unayesoma unaweza kuliuliza. Nikamwambia amri alikuwa anayo mfukoni siku aliyokuja. Polisi walikuja wakakuta kashaondoka. Mlango wa wafanyakazi ni mmoja, maegesho hayana uzio, na Desemba saa kumi na mbili asubuhi Maine bado ni giza totoro. Nikaomba shifti ya kutoka na kuingia mchana, haikuwepo, nikaomba jengo lingine, halikuwa na nafasi, hizo meseji mnazo. Afisa akamgeukia mwakilishi wa mwajiri, akamuuliza kama anakubali kwamba meseji zilifika, yule akasema hakuwa anajua zipo. Kimya kidogo. Akauliza tena, kungekuwa na nafasi nyingine ya kumpa? Akasema kwa wakati ule hapana.

Uamuzi ulikuja kwa barua, nimebaki na haki yangu. Na kwenye ile barua sababu waliyoiandika kwa urefu sio kipigo, kipigo hakuna aliyekibishia, ni kwamba mlalamikaji alijaribu kuilinda ajira yake kabla ya kuiacha.

Hapa niongezee la dada mmoja wa Uvira tuliyekuwa naye hifadhi, ruhusa kanipa nisimtaje. Yeye alikataliwa mara ya kwanza. Barua ikaenda anwani ya zamani, ambako mume ndo anafungua sanduku la barua, akaichana. Maine una siku 15 kukata rufaa, na zinahesabiwa tangu tarehe barua ilipotumwa, sio ulipoisoma. Ukiwa na sababu ya maana wanaweza kukuongeza nyingine zisizozidi 15. Dada wa watu alikuja kujua zote zimeshapita. Kesi yake ilikuwa nzito kuliko yangu, alikuwa na makovu na karatasi za hospitali, haikusaidia. Kwahiyo badilisha anwani mapema, na ukiweza chagua taarifa zije kwenye akaunti ya mtandaoni uwe unaifungua kila siku. Ipo pia programu ya kuficha anwani chini ya ofisi ya Katibu wa Jimbo, wanakupa anwani ya kutumia kila mahali, barua zinaenda kwao halafu wanakupelekea. Mie niliingia. Ni kitu kizuri sana, ila barua inazunguka ndo ikufikie, na zile siku 15 hazisubiri mzunguko, hapo ndo akaunti ya mtandaoni inapokuokoa.

Kila wiki unajaza maswali, na kuna moja ni mtego kwa watu wa hali yetu: uliweza na ulikuwa tayari kufanya kazi? Ukijibu kwa uchungu wa moyo kwamba hapana, naogopa hata kutoka nje, wiki hiyo huna kitu, maana hii ni hela ya mtu anayeweza kazi na anaitafuta. Sisemi udanganye. Kama umelazwa au huwezi kweli, jibu kweli na utafute msaada wa aina nyingine. Lakini kuogopa jengo moja lenye mlango mmoja sio kushindwa kufanya kazi, mie nilikuwa naweza kazi yoyote sehemu nyingine, na nilikuwa naomba, naandika jina la mahali, tarehe na niliongea na nani. Na ukipata kibarua cha masaa mawili matatu, kitaje wiki uliyokifanya hata kama hela haijalipwa bado, kiasi kabla ya kodi.

Halafu hofu ya karatasi za uhamiaji, hii ndo inawafunga mdomo wanawake wengi kuliko hata ngumi. Nilikuwa na grini kadi ya miaka miwili, ya ndoa, ile ambayo mwisho wake mnaomba pamoja kuondoa masharti, na yeye kila siku ananiambia bila sahihi yangu unarudi Tanga na watoto wanabaki. Uongo mtupu. Kuna msamaha wa kuomba peke yako kama umenyanyaswa ndani ya ndoa. Na ambaye mume wake ni raia au ana grini kadi lakini hajamwombea kabisa, tangu 1994 kuna sheria inayomruhusu mke kujiombea mwenyewe bila mume kujua. Hata aliyeolewa na asiye na karatasi kuna viza ya waathirika wa uhalifu, tangu 2000, ingawa foleni yake ni ndefu mno. Portland kuna ILAP, mawakili wa uhamiaji, ongea nao sio na mzee wa jumuiya. Kuhusu hela yenyewe, ukosefu wa ajira ni bima, waajiri ndo wanaochangia, kwahiyo kanuni za uhamiaji za 2022 hazikuihesabu kama mzigo kwa serikali. Sharti ni kibali cha kazi kiwe hai, wakati ulipofanya kazi na wakati unapodai. Kibali kikiisha katikati, malipo yanasimama.

Nasisitiza hilo la bima kwasababu nilisemwa. Kuna watu wa jumuiya walisema nimekimbia ndoa ili nikale hela ya serikali. Sijaomba sadaka. Na wengine walinionea huruma ya mwajiri, kwamba nimemtia hasara, wakati majimbo mengi malipo ya kesi za aina hii hayaandikwi kwenye akaunti ya mwajiri husika, yanatoka mfuko wa pamoja. Nyumbani Tanzania nako NSSF wana fao la kukosa ajira siku hizi, tangu 2018, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia miezi 18, lakini aliyeacha kazi mwenyewe haguswi. Muuguzi wa Tanga anayekimbia kipigo kwenda kwa kaka yake Dodoma ataandika nini kwenye fomu? Kaacha mwenyewe. Wabunge wanawake wapo wengi, hili nawaachia.

Kodi nisisahau. Hela hii inakatwa kodi ya serikali kuu, na usipowaambia wakate asilimia 10 kila wiki wanakupa yote, unafurahi, mwezi wa kwanza inakuja fomu ya 1099-G, ya kodi, inayoonesha hela uliyolipwa, na hapo unajua hujui. Mie nilikatwa tangu mwanzo, nikapata hata kidogo cha kurudishiwa.

Nilipata kazi kabla ya wiki zote 26 kuisha, mahali pengine, shifti ya mchana. Kwa ambaye yuko ndani bado na hajui aanzie wapi, laini ya taifa ya ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233 na ukisema Kiswahili wanakutafutia mkalimani, piga kwa simu ambayo mume haioni. Kwa Maine unaweza kupiga 211 pia. Amri yangu ya mahakama ilikuwa ya miaka miwili, inakaribia kuisha na narudi kwa hakimu kuomba waiongeze. Supavaiza mpya nilimwambia wiki ya kwanza, nimempa nakala ya amri, picha ya mume, rangi ya gari lake na namba zake, halafu jioni nikamtumia meseji ya kushukuru kwa mazungumzo.